Maurice ya E. M. Forster: vijana waliokosa kungwi

Kitabu kinaanzia ufukweni. Muhula unakwisha, wanafunzi wa shule moja ya bweni huko Uingereza wametoka matembezini na walimu wao, na mwalimu mmoja, Bwana Ducie, anamvuta pembeni Maurice Hall, kijana wa miaka kumi na minne na ushei ambaye ni yatima wa baba. Nyumbani hana mwanamume wa kumweleza mambo ya wakubwa, basi mwalimu amejitwika kazi hiyo. Anachora mchangani kwa fimbo yake, hiki hivi, kile vile. Akimaliza michoro anahamia kwenye utukufu wa mwanamke na heshima ya ndoa, na sauti yake inakuwa ya mahubiri. Wanasogea mbele kidogo, mara anashtuka: michoro ile hakuifuta! Na nyuma yao kuna watu wanakuja. Mwalimu mzima anababaika. Kijana ndiye anayemtuliza, kwamba maji yanajaa, yatakuwa yameshaifuta. Na papo hapo moyoni anamhukumu: mwongo huyu, mwoga huyu, hakunifundisha kitu.

Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha wahudumu. Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulea wazee hapa Sheffield, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine, wazee wakishalala, nasoma riwaya za kale za Waingereza. Hii niliipata duka la mitumba kwa pauni moja na nusu, chapa ya Penguin, pembe zimekunjwakunjwa na msomaji aliyenitangulia.

Kwetu mwali hafundwi na mtu mwenye haya. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, akaja somo wangu, mwanamke mwenye sauti kavu na mkono mwepesi wa kufinya, akanieleza kila kitu kwa jina lake, kwa nyimbo na kwa vitendo, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Ndugu zangu wa kiume walikuwa na jando lao. Sisemi yote tuliyofundwa yalikuwa ya haki, mengi yalikuwa ya kumpendeza mume tu. Lakini hakuna aliyetuacha tukisubiri maji yajae yafute somo. Kwa hiyo watu wakisema Maurice ni riwaya mashuhuri ya Kiingereza kuhusu mwanamume anayependa wanaume wenzake, nakubali, ndivyo ilivyo. Ila mimi niliisoma zaidi kama hadithi ya watu wazima wenye elimu kubwa ambao hawakufundwa, kila mmoja akihangaika na mwili wake gizani, wake kwa waume.

Forster aliiandika mwaka 1913 na 1914. Wakati huo alishakuwa na jina, riwaya zake nne zilikuwa madukani. Hii hakuipeleka kwa mchapishaji. Sheria ya mwaka 1885 ilimhukumu kifungo mwanamume yeyote aliyekutwa na mwenzake, hata kama ni ndani ya nyumba yao na wote wameridhia, na mwaka 1895 Oscar Wilde, mwandishi aliyekuwa akishangiliwa London nzima, alifungwa miaka miwili na kazi ngumu kwa sheria hiyohiyo. Forster akaiweka Maurice ndani. Marafiki aliowaamini waliisoma ikiwa imepigwa chapa ya taipureta, naye akawa anairudia na kuirekebisha kwa miongo kadhaa. Mwaka 1924 alitoa A Passage to India, na baada ya hapo hakutoa riwaya nyingine hadi anakufa mwaka 1970 akiwa na miaka 91. Maurice ikatoka mwaka uliofuata. Kwenye ukurasa wa mbele ameitabaruku kwa mwaka wenye furaha zaidi. Yeye mwenyewe hakukiona kitabu chake kikiwa dukani.

Chanzo chake kipo karibu na ninapoishi, na hilo lilinitia hamu. Katika kijiji cha Millthorpe, ng'ambo kidogo tu ya Sheffield, aliishi Edward Carpenter, mwandishi na msoshalisti aliyeacha maisha ya mabwana wakubwa akalima mboga na kushona makubazi. Aliishi na George Merrill, mwanamume aliyekulia mitaa ya makabwela, waziwazi kama mtu na mwenziwe, katika miaka ambayo wengine walikuwa wanafungwa. Forster alikwenda kuwatembelea mwaka 1913. Merrill akamgusa mgongoni chini kabisa, karibu na makalio. Forster anasimulia kwamba mguso ule ulimpenya uti wa mgongo ukaingia moja kwa moja kwenye mawazo, na riwaya ikatungika. Nilipelekwa kule kwa gari na mfanyakazi mwenzangu. Ni bonde la kijani, kondoo, kuta za mawe, na nyumba ni ya watu, huwezi kwenda kubisha hodi. Tukapiga picha ya barabara tukarudi.

Mwenzangu huyo ni mama wa Lubumbashi. Njiani akaniuliza, «Mama, na huko mwisho wanakufa?»

«Hawafi.»

«Wote wawili?»

«Wote wawili wanaishi, na wanaishi pamoja.»

Akanyamaza, kisha akasema, «Basi huyo mzungu alikuwa na moyo.»

Ni kweli, na Forster mwenyewe alilijua hilo. Katika maelezo aliyoyaandika mwaka 1960, ambayo yamewekwa mwisho wa kitabu, anasema mwisho mwema ulikuwa wa lazima, vinginevyo asingejisumbua kuandika. Anaongeza kwa kejeli kwamba lau kijana angejinyonga mwishoni, au wote wawili wangekunywa sumu, kitabu kisingemsumbua mtu. Kwa sheria na kwa wasomaji wa wakati ule, mwanamume wa namna hiyo aliruhusiwa kuwa ndani ya hadithi mradi alipie. Forster akakataa kumlipisha.

Sasa Maurice mwenyewe. Hapa ndipo ninapomvulia kofia mwandishi, kwa sababu Maurice si mtu wa kupendeza. Si mshairi, si mwerevu, hateseki kwa namna ya kuvutia. Ni kijana wa kawaida wa tabaka la kati, sura nzuri, mwili wa michezo, akili nzito, anamrithi baba yake katika biashara ya hisa London, anawafokea dada zake Ada na Kitty, anamchukulia mama yake poa, na anawadharau watumishi. Mwandishi angeweza kumchagua mtu kama yeye mwenyewe, msomi mpole wa Cambridge. Akamchagua huyu, mtu ambaye angezeeka akiwa bwana mkubwa wa kuchosha, kama si jambo moja ndani yake ambalo lilimchanganya, likamwamsha, likamtesa na mwisho likamwokoa. Wengi tunaowajua wanaoficha jambo kama hili ndivyo walivyo, si mashujaa, ni watu wa ofisini wenye hasira za hapa na pale.

Cambridge anakutana na Clive Durham, mtoto wa ukoo wenye shamba kubwa na jumba la kale liitwalo Penge. Clive amesoma Plato, amejijua mapema kwa njia ya vitabu vya Wayunani, na siku anapomwambia Maurice kwamba anampenda, Maurice anamjibu kwa mshtuko: wewe ni Mwingereza, mimi ni Mwingereza, acha upuuzi. Jibu lile la kijinga! Linachekesha na linauma, kwa kuwa ameshika uraia kujifunika nao. Baadaye, akiwa peke yake, ukuta unabomoka. Kuna kurasa chache za usiku huo ambazo nilizisoma nikarudia. Forster anaonyesha mtu akiacha kujidanganya hatua kwa hatua, bila hotuba, hadi anaamua hatajilisha uongo tena. Kisha anakwenda kuingia kwa Clive kupitia dirishani, usiku.

Wanapendana miaka mitatu bila kugusana zaidi ya kukumbatiana, kwa sababu Clive ndivyo alivyoamua. Mapenzi yao yawe ya roho, ya Kiyunani, safi. Halafu Clive anaugua homa ya mafua, anapona, anakwenda Ugiriki kwenyewe, na kutoka huko anaandika barua fupi kwamba amebadilika, bila kupenda kwake amekuwa kama watu wengine, sasa anawapenda wanawake. Msomaji anabaki anajiuliza: kweli? Au ni woga? Mwandishi hatoi jibu lililonyooka, na hapo baadhi ya wasomaji wanamlaumu. Mimi nimemwona Clive wengi. Anarudi nyumbani, anarithi jumba, anagombea ubunge, anaoa. Ni mpole, ana adabu, na hakuna mtu mwenye uhai mdogo kuliko yeye katika kitabu chote.

Halafu kuna mke wake, Anne. Hapa somo wangu angepiga kofi la paja. Forster anampa aya chache tu, lakini aya hizo nazikumbuka kuliko sura nyingine nzima. Usiku wa kwanza mume anaingia chumbani, bibi harusi hajui amefuata nini. Amesomeshwa sana, lakini hakuna aliyemwambia lolote kuhusu mambo ya ndoa. Tangu hapo wanakutana kimyakimya gizani, hawaonani uchi, na jambo lenyewe halitajwi mchana. Clive anaona hivyo ndivyo inavyopendeza. Mwanamke yule hajaulizwa kama inampendeza. Nikawaza wanawake wa kwetu waliofundwa vizuri, wakaingia kwa waume ambao moyo wao ulikuwa kwingine, wakajilaumu kwamba hawakushika mafunzo. Hakuna mafunzo ya kumfanya mume asiyetaka wanawake atake. Forster hakumfuata Anne, alikuwa na hadithi yake. Natamani mtu angemfuata.

Maurice akiachwa anatafuta tiba. Kwanza kwa Daktari Barry, jirani wa familia, mzee anayejiona wa kisasa. Maurice, kwa kukosa jina la jambo lake, anamwambia yeye ni mtu wa aina ya Oscar Wilde. Daktari anafoka kwamba ni takataka tupu, avae nguo aende zake, asisikie tena neno hilo. Pili kwa mtaalamu wa kulaza watu kwa usingizi wa maneno, Bwana Lasker Jones, ambaye hafoki. Anampima kama anavyopima jino bovu, anamlaza, anamwambia aone picha ya msichana ukutani. Inashindikana. Mwisho mtaalamu anamshauri ahamie Ufaransa au Italia, ambako sheria za Napoleon hazimwoni mhalifu. Maurice anauliza kama Uingereza nayo itafika huko siku moja. Yule bwana ana mashaka. Anasema Uingereza haijawahi kupenda kuukubali ubinadamu ulivyo. Mimi nafanya kazi na madaktari wa nchi hii kila siku na naapa wote wawili bado wapo, anayefoka na anayepima.

Kisha anaingia Alec Scudder, mlinzi wa wanyama wa kuwinda kwenye shamba la Clive. Mvua inavuja ndani ya jumba la Penge, Maurice mgeni hapati usingizi, anafungua dirisha na kuliitia giza lije. Ngazi imeachwa ukutani. Alec, ambaye alikuwa anamchunguza tangu mchana, anapanda. Anauliza kama bwana alikuwa anamwita, kisha anasema anajua. Basi. Kwa mara ya kwanza katika kitabu chote mtu anaambiwa na mwenzake kwamba anajua, bila Plato, bila mchoro wa mchangani.

Asubuhi woga unarudi, na si woga wa mapenzi tu. Mmoja ni bwana, mwingine ni mtumishi, na kila mmoja anaogopa mwenzake atamwuza. Maurice hajibu barua. Alec anaandika nyingine yenye harufu ya vitisho. Wanakutana jumba la makumbusho la British Museum, mbele ya mafahali wa mawe wa Ashuru wenye mabawa, wakitishana kwa adabu huku wanaangalia sanamu. Na ghafla anatokea nani? Bwana Ducie wa ufukweni, mzee sasa, anamkumbuka mwanafunzi wake lakini amelisahau jina. Maurice anajitambulisha kwa jina la Scudder. Sitasema zaidi, lakini ndiyo sura bora ya riwaya: mwalimu aliyeshindwa kumfundisha anapita tena, na kijana amejipa jina la mpenzi wake bila kujua atasema hivyo hadi limtoke mdomoni.

Kasoro zipo. Alec amechorwa haraka. Ni mwili, ni lahaja, ni ujasiri, lakini hatuambiwi anawaza nini akiwa peke yake, wakati Clive amepewa hata sura za kwake. Wanawake wengi ni vikwazo vyenye sketi, ukimtoa Anne katika aya zile. Na huo mwisho mwema: wawili wanaacha kila kitu, mmoja kazi ya London, mwingine meli ya kwenda Argentina aliyoshalipiwa nauli, waende kuishi porini wakifanya kazi za mikono. Niliguna. Maurice huyu hajawahi kujipikia hata chai! Nani atafua? Na ni usiku wa kuamkia vita kuu, jeshi litawataka wote. Forster alikuja kukiri mwenyewe kwamba mapori ya kujifichia yalikwisha, vita viwili na viwanda viliyamaliza. Pamoja na hayo, sikutaka abadilishe. Nilishasoma riwaya za kutosha ambamo watu wanakufa kwa usahihi wa kihistoria.

Sheria ilibadilika Uingereza na Wales mwaka 1967, Forster akiwa mzee wa miaka 88. Mwaka 1960 hakuwa na matumaini. Aliandika kwamba polisi wataendelea, na Clive akiwa kwenye kiti cha hakimu ataendelea kumhukumu Alec aliye kizimbani, ila Maurice huenda akaponea. Sentensi hiyo ndiyo inayofunga maelezo yake na ni kali kuliko yote, kwa sababu ameiona hesabu ya tabaka ndani ya sheria. Sheria za aina hiyo Waingereza walizisambaza makoloni, Tanganyika na Kenya zikiwemo, wao wakaondoa yao, za kwetu zikabaki hadi leo. Kenya mahakama kuu ilizithibitisha Mei 2019, wiki ileile aliyofariki Binyavanga Wainaina, mwandishi aliyejitangaza hadharani mwaka 2014 kwamba anapenda wanaume wenzake. Nyumbani nikisikia watu wanasema mambo haya yaliletwa na wazungu, nawaambia walicholeta kwa uhakika, chenye tarehe na vifungu, ni kifungo. Hasira zikipanda, nanyamaza nakunywa chai. Sina ugomvi na mtu, nina kitabu tu.

Filamu ya mwaka 1987 iliyoongozwa na James Ivory ni nzuri, na Hugh Grant kijana anamcheza Clive kwa ubaridi unaofaa. Rupert Graves ni Alec, James Wilby ni Maurice. Tofauti kubwa ni kwamba filamu imeongeza kisa cha Risley, rafiki yao wa Cambridge, kukamatwa na kufungwa, ili Clive apate sababu ya kugeuka. Kinaeleweka vizuri, na kwa mtu asiyejua sheria ya wakati ule kinasaidia. Ila kitabuni Clive hana kisingizio, na ndiyo maana anatisha zaidi. Someni kwanza, tazameni baadaye.

Ukinunua, hakikisha toleo lina yale maelezo ya mwaka 1960 nyuma, maana matoleo mengine ya mtandaoni ya bei ya bure nimeona yameyakata, na utangulizi wa mbele uuache mpaka umalize, unamwaga hadithi yote. Maandishi ya chapa yangu ni madogo, mwenye miwani aivae. Kiingereza chake si kigumu. Aliyemaliza sekondari ataimudu, sura ni fupi, 46 kwa jumla, na majina ya Kiyunani unaweza kuyaruka bila hasara, Maurice mwenyewe aliyaruka.